Dubai, Hong Kong au Singapore: kampuni ya kuagiza na kuuza bidhaa nje uifungue wapi?

Anayetaka kufungua kampuni ya kununua bidhaa nchi moja na kuziuza nchi nyingine hukutana na majina matatu yaleyale kila anapouliza: Dubai, Hong Kong na Singapore. Yote matatu yamejengwa na biashara hiyo. Singapore ilianzishwa kama bandari huru mwaka 1819, Hong Kong ikafuata 1841, na Dubai ilifungua bandari ya Jebel Ali mwaka 1979 kisha ikaizungushia eneo huru la biashara mwaka 1985. Kila mji una mawakala wa usajili wanaoapa kwamba wao ndio wenye kodi ndogo kuliko wote.

Kodi ni kitu, sikatai. Lakini ukipiga hesabu ya mfanyabiashara mdogo, tofauti ya kodi kati ya miji hii ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Mambo matatu ndiyo humtesa mtu baadaye: mzigo unapita njia gani, benki itakubali kumfungulia akaunti au la, na je, yeye mwenyewe atakuwepo mjini au atabaki jina kwenye karatasi? Hayo nitayapa nafasi kubwa, mengine nitayapitia haraka.

Vigezo

Nitaangalia njia ya mzigo, usajili wa kampuni, forodha na VAT, kodi ya faida, benki na sarafu, kisha ukaazi na namna ya kudai haki mkigombana. Kila mji utapimwa kwa hivyo hivyo.

Ili tusiongee hewani, tuwe na mfano mmoja: kontena la futi 40 la mabegi ya mgongoni kutoka kiwandani Guangzhou. Thamani yake, pamoja na bima na nauli ya meli, ni dola 40,000 za Marekani. Na tuseme mwisho wa mwaka kampuni imebaki na faida ya dola 100,000.

Mzigo unapita wapi?

Hong Kong iko mlangoni mwa viwanda vya Guangdong. Lori hutoka Shenzhen au Dongguan na kufika siku hiyohiyo, na tangu Oktoba 2018 kuna daraja la Hong Kong–Zhuhai–Macao kwa mizigo ya ng'ambo ya magharibi ya ghuba ile. Uwanja wake wa ndege umekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa vinavyoongoza duniani kwa mizigo. Kwa hiyo mji huu unawafaa wenye bidhaa ndogo, ghali na za haraka: simu, vipuri vya elektroniki, saa, vito. Mabegi yetu ni habari nyingine. Kontena la namna hiyo mara nyingi hupakiwa Nansha au Yantian na kuondoka bila kugusa Hong Kong kabisa. Bandari ya Hong Kong, iliyokuwa ikiongoza dunia kwa makontena mwanzoni mwa miaka ya 2000, imepitwa na bandari hizo za jirani, na wenye kampuni pale wengi wanabaki na ankara, mkataba na akaunti ya benki tu. Si kasoro hiyo. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kununua kiwandani na kuuza moja kwa moja kwa mnunuzi wa jumla, ndicho anachokihitaji.

Singapore imekaa kwenye lango la Mlango wa Malaka, na kwa makontena inazidiwa na Shanghai peke yake. Mwaka 2024 ilipitisha zaidi ya makontena milioni 40 kwa kipimo cha futi 20. Sehemu kubwa ya hayo hushushwa na kupakiwa meli nyingine bila kuingia mjini. Nguvu yake ni kukusanya: mpira na mafuta ya mawese kutoka majirani zake, viungo na kahawa za Indonesia na Vietnam, kemikali, vipuri vya meli. Ukiwa na wauzaji katika nchi tatu za Asia ya Kusini-Mashariki na mnunuzi mmoja anayetaka vyote kwenye shehena moja, hakuna mahali pazuri zaidi pa kuviunganisha.

Dubai ina kitu ambacho miji hiyo miwili haina kwa kiwango hicho: mnunuzi anakuja mwenyewe. Anashuka kwenye ndege, anapita mitaa ya biashara ya Deira, anakwenda soko la Dragon Mart, anashika begi, anavuta zipu mara mbili tatu, anauliza bei ya katoni 20. Hataki kontena zima na hana muda wa kuandikiana na kiwanda. Kuvunja kontena na kuuza kwa katoni ndiyo biashara ya Dubai tangu zamani, na mizigo hiyo hutawanyika kwenda nchi za Ghuba, Asia ya Kusini na Afrika. Jambo moja la kuliangalia kwenye ramani: Jebel Ali iko upande wa ndani wa Mlango wa Hormuz, na meli lazima zipite hapo kuifikia. Hali ya usalama ikichafuka pale, bima na nauli hupanda. Bandari za Khor Fakkan na Fujairah, za nchi hiyohiyo, ziko nje ya mlango huo, na ni vizuri wakala wako wa meli azijue.

Kama soko lako lote liko Ulaya, simama kwanza. Bidhaa ikishalipiwa ushuru Rotterdam inazunguka nchi 27 bila kusimamishwa tena forodhani, na hakuna mji kati ya hii mitatu unaoweza kukupa hilo. Huo ni ulinganisho wa siku nyingine, lakini usiingie Dubai kwa sababu ya wateja wa Ujerumani.

Kuandikisha kampuni

Kwa karatasi, Hong Kong ndiyo nyepesi. Mkurugenzi mmoja anatosha, hahitaji kuwa mkaazi, na anaweza kuwa mwanahisa pekee. Ada ya serikali ya kusajili kampuni kwa mtandao ni dola za Hong Kong 1,545, na juu yake kuna cheti cha usajili wa biashara kinachohuishwa. Unalazimika kuwa na katibu wa kampuni aliyeko Hong Kong na anwani ya ofisi ya huko. Kitu kinachowashtua wengi huja baada ya mwaka: kila kampuni inayofanya kazi, hata iwe ndogo namna gani, hesabu zake lazima zikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa. Ada ya mkaguzi mara nyingi huzidi kwa mbali gharama za usajili wenyewe.

Singapore ada yake ni dola za Singapore 315, na mtaji wa dola moja unakubalika. Mgeni hawezi kujisajilia mwenyewe. Hupitia wakala mwenye leseni. Katibu ateuliwe ndani ya miezi sita. Kikwazo ni mkurugenzi: lazima angalau mmoja awe mkaazi wa Singapore. Usipokuwa mkaazi utamlipa mtu akae kwenye nafasi hiyo, na tangu 2025 sheria imekaza kuhusu nani anaruhusiwa kufanya kazi hiyo ya kukodisha jina. Ukaguzi wa hesabu hapa una afueni. Kampuni ndogo iliyotimiza masharti mawili kati ya matatu (mapato yasiyozidi dola za Singapore milioni 10, mali isiyozidi kiasi hichohicho, wafanyakazi wasiozidi 50) haikaguliwi. Kumbuka pia kwamba kusajiliwa hakukupi ruhusa ya kutoa mzigo. Nambari ya kampuni inafunguliwa kwanza forodhani, kisha vibali huombwa kupitia mfumo wa TradeNet unaofanya kazi tangu 1989.

Dubai inakuuliza swali moja kabla ya yote: bara au eneo huru? Kampuni ya bara inaweza kuuza popote nchini, na tangu Juni 2021 mgeni anaweza kumiliki hisa zote katika shughuli nyingi bila kutafuta mshirika mwenyeji. Kampuni ya eneo huru hupata leseni, dawati na viza dirisha moja, na mzigo wake hukaa ghalani bila ushuru, lakini kuuza ndani ya nchi kunahitaji msambazaji, tawi la bara, au kibali maalumu ambacho Dubai imeanza kukitoa tangu 2025. Leseni huandikwa shughuli kwa jina lake: ukiandikiwa nguo, usilete vipuri vya magari. Ipo leseni ya biashara ya bidhaa zote, na bei yake huwa juu.

Maeneo huru nayo hayalingani. Nchi nzima ina zaidi ya 40, na baadhi ni ghorofa la ofisi tu lisilo na ghala hata moja. Mtu hununua leseni ya bei nafuu huko, kontena linafika Jebel Ali, ndipo anagundua kwamba lazima alikodishie nafasi kwa wakala wa eneo jingine na alipe kila mlango linaopita. Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi: eneo hili limetajwa kwenye orodha ya maeneo maalumu ya VAT, yaani yale ambayo mzigo ukikaa ndani yake hautozwi kodi hiyo? Lina maghala? Leseni hii itanipa nambari ya mwagizaji ya forodha ya Dubai? Wakala akikujibu kwa mzunguko, umeshapata jibu.

Kwa malipo ya kila mwaka, Dubai ndiyo hubana zaidi, kwa sababu leseni, ofisi na viza vinahuishwa kwa zamu.

Forodha na VAT

Turudi kwa kontena letu, na tuseme unalishusha kweli.

Hong Kong haina ushuru wa mabegi wala VAT. Inatoza pombe, tumbaku, mafuta ya petroli na methanoli, basi. Unachodaiwa ni kuwasilisha tamko la uagizaji ndani ya siku 14, na ada yake haiwezi kuzidi dola za Hong Kong 200 kwa tamko moja. Ukilipeleka kontena nje tena, unawasilisha tamko lingine la namna hiyo. Wenye mtaji mwembamba wanaipenda hali hii kwa sababu hakuna pesa inayolala serikalini ikisubiri kurudishwa.

Singapore nayo haitozi ushuru wa forodha ila kwa pombe, tumbaku, magari na mafuta. Ina kodi ya bidhaa na huduma, ndugu yake VAT, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 9. Kontena likibaki ndani ya eneo huru la bandari likisubiri meli nyingine, hulipi. Likitoka kwenda ghala la mjini, unalipa dola 3,600 za Marekani. Aliyesajiliwa kwa kodi hiyo anairudisha kwenye hesabu zake, asiyesajiliwa inabaki kwake kama gharama. Usajili ni lazima mauzo yakizidi dola za Singapore milioni moja kwa mwaka, lakini unaweza kuuomba mapema, na wauzaji wakubwa wa nje wana mpango wa kusimamisha kodi hiyo pale mzigo unapoingia.

Dubai ina vyote viwili. Ushuru wa pamoja wa nchi za Ghuba ni asilimia 5 ya thamani kwa bidhaa nyingi, na VAT ni asilimia 5 tangu 2018. Dola 40,000 ni dirham 146,900. Ukiliingiza bara, ushuru ni dirham 7,345, na VAT inahesabiwa juu ya jumla ya thamani na ushuru: dirham 7,712. VAT kampuni iliyosajiliwa inaimaliza kwenye ritani, lakini ushuru ni gharama yako na lazima uuweke kwenye bei ya begi. Kontena hilohilo likikaa ghala la eneo huru la Jebel Ali na kuondoka kwenda nchi nyingine, hulipi ushuru wala VAT. Hapo ndipo eneo huru linapojilipia. Kama unavunja kontena na nusu ya katoni zinabaki kwa wanunuzi wa ndani, unalipia nusu hiyo pekee inapotoka getini.

Sasa hali ya pili, ambayo kwa wanaoanza ni ya kawaida zaidi: kontena linatoka Nansha moja kwa moja hadi bandari ya mnunuzi. Hapo hakuna mji kati ya hii mitatu unaoutoza mzigo ushuru, maana haukuingia kwake. Kinachopita kwenye kampuni yako ni karatasi, na karatasi hizo zina mtego wake. Hati ya shehena ya kwanza huandikwa kiwanda kama mpakiaji. Ikimfikia mnunuzi hivyo, safari ijayo atakipigia kiwanda simu na wewe utakuwa umewatambulisha bure. Ndiyo maana wafanyabiashara huomba hati ibadilishwe: nakala zote halisi za kwanza zinarudishwa kwa kampuni ya meli, na hati mpya inatolewa yenye jina la kampuni yako. Mawakala wa miji yote mitatu wanaijua kazi hii. Ni halali mradi hubadilishi nchi bidhaa ilikotengenezwa, uzito wala idadi. Cheti cha asili kinabaki China. Atakayekuahidi kukigeuza kisome Dubai au Singapore ili mnunuzi apate nafuu ya ushuru anakuuzia kesi. Na kabla ya kujisumbua na hati, agiza katoni zisizo na jina wala namba ya simu ya kiwanda. Wengi hukumbuka hati wakasahau katoni.

Kodi ya faida

Kwa faida ile ya dola 100,000, hesabu inakuja hivi.

Hong Kong inatoza asilimia 8.25 kwa dola zake milioni 2 za kwanza na 16.5 kwa zinazozidi. Faida yetu ni kama dola za Hong Kong 780,000, hivyo kodi ni 64,350, sawa na dola 8,250 za Marekani. Utasikia kwamba faida iliyopatikana nje ya Hong Kong haitozwi. Ndivyo sheria ilivyo, lakini mzigo wa kuthibitisha ni wako: mamlaka itataka kuona nani alijadili mikataba ya kununua na kuuza, akiwa wapi, kwa barua zipi. Ikikubali, vizuri. Usipange bei zako kwa kutegemea hilo.

Singapore kiwango ni asilimia 17, ila kampuni changa hupata msamaha kwa miaka mitatu ya kwanza: robo tatu ya dola za Singapore 100,000 za mwanzo na nusu ya 100,000 zinazofuata. Faida ya takriban dola za Singapore 130,000 inalipiwa 6,800. Msamaha huo ni kwa kampuni inayohesabika kuwa mkaazi wa kodi, maana yake inaendeshwa kutoka Singapore. Kampuni yenye mkurugenzi wa kukodi, huku maamuzi yote yakifanywa na mtu aliyeko bara lingine, haipo salama hapo, na msamaha wa kawaida unaobaki huipandisha kodi hadi kama 10,625.

Dubai, kwa kampuni ya bara, asilimia 9 huanza pale faida inapovuka dirham 375,000. Yetu ni 367,250, kwa hiyo ni sifuri, ingawa kusajiliwa na kupeleka ritani ni lazima. Kuna pia nafuu ya biashara ndogo zenye mapato yasiyozidi dirham milioni 3, inayokoma kwa vipindi vya hesabu vinavyoishia tarehe 31 Desemba 2026. Hapo tazama neno mapato: yanahesabiwa mauzo yote, faida haiangaliwi. Kwa makontena kama letu, hata 20 hutafikisha kabla hujavuka. Eneo huru linaweza kukupa asilimia 0 kwa mapato yanayokubalika, na usambazaji wa bidhaa kutoka eneo maalumu umo, kwa sharti la kuwa na shughuli za kweli pale, hesabu zilizokaguliwa, na wateja wanaokwenda kuuza tena au kusindika.

Halafu kuna nchi unayoishi. Nchi nyingi huihesabu kampuni ya nje kuwa yake ikiwa inaendeshwa kutoka kwake, na Hong Kong, Singapore na Falme za Kiarabu (nchi ilimo Dubai) zote hubadilishana taarifa za akaunti na mamlaka za kodi za nchi nyingine. Ukibaki ulipo, hesabu zote za hapo juu zinaweza kugeuka. Mlipe mtaalamu wa kodi wa nchini kwako kabla hujamlipa wakala wa usajili.

Benki na sarafu

Hiki ndicho kigezo ningekiweka juu ya vyote. Kampuni bila akaunti ni cheti cha kuning'iniza ukutani.

Miji yote mitatu itakuomba mafaili yanayofanana: mikataba au oda za wanunuzi, ankara za viwanda, hati za shehena za nyuma kama zipo, chanzo cha mtaji, maelezo yako mwenyewe, na jibu la swali moja ambalo watu hulidharau: kwa nini mji huu? "Kodi ni ndogo" ni jibu baya. "Wauzaji wangu wanne wako Shenzhen na wanalipwa kwa dola" ni jibu zuri. Mchakato unaweza kuchukua wiki au miezi, na ukikataliwa si lazima uambiwe sababu.

Hong Kong, wepesi wa kusajili unafutwa hapa. Mkurugenzi asiye na ofisi, mfanyakazi wala muuzaji aliye karibu hupata shida kwenye benki za kawaida. Wengi huanza na kampuni za malipo za mtandaoni, ambazo hupokea na kulipa vizuri lakini hazitoi barua za dhamana ya malipo zinazotakiwa kwenye oda kubwa.

Singapore benki hutaka kumwona anayeendesha kweli. Mkurugenzi wa kukodi huwa hagusi akaunti, na benki inalijua hilo. Ukiwa na biashara inayoonekana katika ukanda ule, benki zake ni hodari kwa mikopo ya biashara na dhamana.

Dubai mlango hulegea ukishakuwa na kitambulisho cha ukaazi, na hubana usipokuwa nacho. Benki nyingi huweka salio la chini la kila mwezi. Falme za Kiarabu ziliwekwa kwenye orodha ya uangalizi wa utakatishaji fedha Machi 2022 na kuondolewa Februari 2024. Ukaguzi uliokazwa wakati huo haukulegezwa. Malipo ya taslimu kutoka kwa wanunuzi wa Deira yana utamaduni wake, lakini yapeleke benki ukiwa na ankara ya kila noti.

Kwa sarafu, dirham imefungwa kwa dola ya Marekani kwa 3.6725 tangu 1997, na dola ya Hong Kong hucheza kati ya 7.75 na 7.85. Dola ya Singapore inapanda na kushuka kwa kufuata mkusanyiko wa sarafu. Ukiandika ankara kwa dola ya Marekani utaihisi tofauti hii kwenye kodi ya ofisi na mishahara tu.

Ukaazi na ugomvi

Dubai inaongoza kwa ukaazi: leseni ya kampuni hukufungulia viza ya mwekezaji. Ya kawaida hufa ukikaa nje zaidi ya miezi sita mfululizo. Singapore unahitaji kibali cha kazi au cha mjasiriamali. Kile cha kazi tangu Januari 2025 kinaanzia mshahara wa dola za Singapore 5,600 kwa mwezi na kina mfumo wa alama juu yake. Hong Kong ina viza ya mjasiriamali, lakini kuwa na kampuni peke yake hakutoshi. Lazima uonyeshe unachoongeza kwenye uchumi wao.

Mkigombana na kiwanda cha China, usuluhishi wa Hong Kong una faida ya wazi: tangu 2000 upo mpango wa kutekeleza hukumu za usuluhishi kati yake na China bara, na tangu Oktoba 2019 unaweza kuomba mahakama za bara zizuie mali wakati shauri linaendelea. Singapore ndiyo hupendekezwa pande zote zinapotaka mahali pasipo pa yeyote. Dubai mahakama za kawaida hutumia Kiarabu. Wanaotaka Kiingereza huandika mapema kwenye mkataba kwamba watakwenda mahakama za DIFC, kituo cha fedha cha Dubai, au kwenye usuluhishi.

Nani aende wapi

Unanunua elektroniki au bidhaa ndogo Guangdong, unauza kwa wanunuzi wa jumla, na mzigo hauhitaji kulala popote: Hong Kong inakukaa, mradi uanze kushughulikia benki kabla ya kusajili na uweke bajeti ya mkaguzi.

Wanunuzi wako wanataka katoni chache, wanataka kuona mali, na wako Ghuba, Afrika au Asia ya Kusini: Dubai. Ukiuza zaidi nje, chukua eneo huru lenye maghala. Ukiuza zaidi kwa maduka ya ndani, chukua bara na ukubali asilimia 5 ya ushuru kama sehemu ya bei.

Unakusanya mazao au malighafi ya Asia ya Kusini-Mashariki, oda ni kubwa, mnunuzi anadai dhamana ya benki, na uko tayari kuhamia au kumwajiri mkurugenzi wa kweli: Singapore. Bila mtu pale, faida zake nyingi hazikufikii.

Unataka kuhamisha familia na biashara pamoja, na bidhaa zako zinaweza kupita popote: Dubai kwa wepesi wa viza. Singapore ifikirie kama sifa zako za kazi zinakidhi alama zao.

Una mnunuzi mmoja, oda moja, na hutaki kuhama: bado hujahitaji mji wowote kati ya hii. Fanya oda hiyo kwa kampuni ya nchini kwako, tunza kila ankara na hati ya shehena, kisha rudi kwenye swali hili ukiwa na faili la kumwonyesha afisa wa benki.